Jina la Mchina wa Mpunga

Kama ulizaliwa wakati moja na mimi, wakati mtoto alikuwa anaamshwa kukiwa bado giza aende kufukuza ndege kwa mpunga, anagonga mkebe ya mafuta mpaka watu wa Muhoroni wanadhani traktari za miwa zimegongana, basi kaa hapa karibu. Unisaidie. Kuna kitu ya utoto wetu sijaelewa mpaka leo.

Sisi tulikulia Ahero, na mafuriko ya Ahero ya siku hizo haikuwa mchezo. Maji ilikuwa inaingia kwa nyumba bila kupiga hodi. Kambare anaogelea chini ya kitanda, wewe unanyoosha mkono tu, umeshika chakula ya jioni na hata hujaamka. Watoto wa siku hizi wakiona tone moja ya mvua wanatoa simu wanapiga picha.

Mwaka moja mafuriko ilikuja na mtoto. Mama alizaa ndugu yetu wa mwisho mvua ikinyesha, kwa hivyo jina ya kwanza haikuwa na maneno mengi: Okoth, mtoto wa mvua. Lakini Mjaluo hatosheki na jina ya mvua. Lazima upate pia jina ya mtu wenu aliyekufa, na huyo marehemu ndiye anakuchagua. Mtoto akilia, wazee wanataja marehemu moja baada ya mwingine. Akinyamaza kwa jina fulani, basi mwenye hiyo jina amerudi nyumbani.

Huyu wetu alilia. Nakuambia alilia! Kuku waliacha kutaga. Ng'ombe ya jirani ilikata kamba ikaenda Kisumu kutafuta usingizi. Nyanya yetu, tulikuwa tunamwita Dani, alitaja marehemu wetu wote wakaisha, akaanza kuomba wa majirani. Wapi! Titi mtoto hataki. Mama amebaki macho tu, anasema, "Huyu ataniishia mikononi."

Sasa kulikuwa na Mchina alikuwa anafundisha watu kupanda mbegu mpya ya mpunga. Kijana mpole, suruali imekunjwa mpaka magoti, matope kama sisi. Akapita kuangalia kama miche yetu imezama, akasikia hiyo kilio, akabisha. Dani akauliza ni nani.

"Ni mimi, Mama. Jiahe."

Mtoto akanyamaza. Nyumba yote ikanyamaza, hata vyura.

Dani akamshika Mchina mkono, akamfinya. "Wewe uko hai?"

"Niko hai, Mama."

"Kabisa kabisa?"

Baba akaingilia. "Bwana, hiyo jina yako ni ya nani? Ulirithi kwa nani?"

Mchina akasema hakurithi. Hakuna mtu alikuwa nayo mbele yake, babu yake aliitengeneza mwenyewe. Jina yake yote ni Tan Jiahe: Tan ni ya ukoo, kwao hiyo inatangulia. Jia ni kitu njema, na hiyo wamegawana yeye na ndugu zake na binamu zake wote wa rika yake. He ni nafaka ikiwa shambani. Alizaliwa mwaka mpunga ilijaa, babu akaangalia shamba, akasema huyu ni mavuno mazuri.

Dani karibu alie. "Yaani hakuna mtu ndani ya jina yako? Unakaa humo peke yako? Pole, mwanangu." Alafu akageuka. "Basi mtoto ni Jiahe."

Mchina akaruka kama amekanyaga mkaa. "Hapana, Mama! Kwetu jina ya mkubwa hapewi mtoto. Kesho atakojoa, mtamgombeza. Mtakuwa mnatukana mkubwa."

"Si ndiyo raha yenyewe!" Dani akaita kakangu, mwenye alikuwa amebeba jina ya babu. "Okumu! Wewe mzee mvivu, lete kuni!" Akamwambia Mchina, "Huyo ni bwanangu. Alinisumbua mpaka akakufa. Sasa namtuma kuni."

Mchina akafunika mdomo. Sijui alikuwa anacheka ama anaogopa. Wakati huo mtoto ameanza tena, lakini sauti imekauka, imekuwa kama ya paka mgonjwa. Mama akainua macho. Alimwangalia tu Mchina.

Mchina akaangalia chini, alafu akasema, "Chukueni nusu. Jia. Hiyo si yangu peke yangu, ni ya ndugu. Huyu sasa ni mdogo wangu."

Mtoto akashika titi.

Siku Mchina anarudi kwao, Dani alimpa samaki mkavu, akamwambia, "Nusu ingine tunakuwekea. Ukikufa huko, usizubae. Njia unaijua." Akapokea samaki kwa mikono miwili, akainama.

Dani alishatuacha. Jia sasa ana ndevu, anakaa Obunga, huko Kisumu, na bibi yake amezaa kijana. Siku hizi nani anasikiliza mtoto? Wanatafuta jina kwa simu. Bibi yake alikuwa amechagua moja inafanana na ya manukato. Mtoto akakataa, akalia mchana kutwa. Tukataja watu wetu. Wapi. Alafu nikasikia Jia anasema polepole, kama mtu ameshika sufuria moto, "Jiahe?"

Kimya.

Tukaangaliana. Jia akasema, "Labda ni usingizi tu."

Sasa nishike gani? Kama yule Mchina yuko hai, tumemkosea kupea mtoto jina yake. Kama amekufa, ametembea mbali hivyo kuja kwetu, na hakuna mtu hapa amemlilia. Zamani Dani angemfinya tu mtu mkono, ajue. Leo tuko na simu nyumba nzima, na hakuna hata moja inaweza kuniambia.

Jana huyo mtoto alinikojolea, nguo ya kanisa. Nikafungua mdomo kumgombeza, jina ikafika kwa ulimi, ikasimama hapo. Basi nikamshika kwa mikono miwili, nikainama, nikamwambia, "Pole na safari, Bwana."