Mkonga Wenye Alama ya Sikio

Hadi leo nikiona gari lenye mkonga hapa Karatu, kiganja changu kinawasha, na si kwa dalili ya kupata fedha. Siku hizi yamejaa, magari ya watalii yenye bomba jeusi lililopanda kando ya kioo cha mbele kama mkonga wa tembo, na mengi yake hayajawahi kuingia kwenye maji yanayofika magotini mwa mbuzi. Madereva vijana huniuliza, mzee, zamani mlikuwa mnavukaje mito? Huwa nawajibu kwamba tulivuka. Sina hamu ya kueleza zaidi, maana chai yao hupoa na hasira yangu huchemka.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa dereva wa Landrova ya zahanati ya misheni hapa Karatu. Kazi yangu ilikuwa kumpeleka nesi na sanduku lake la chanjo. Tulipanda Ngorongoro kwenye ukungu, tukashuka upande wa pili kwenye tambarare yenye vumbi jeupe kama unga wa muhogo, kisha tukaelekea Arash na Oloipiri. Mimi ni Mmasai wa Arash. Wale kina mama waliokuwa wakitungoja na watoto mgongoni ni shangazi zangu na dada zangu, na wakiona vumbi la gari kwa mbali walijua ni mimi.

Mvua za masika zilikuwa zikitufungia njia. Injini hupumua, na pua ya gari letu ilikuwa chini ya boneti. Ikivuta maji badala ya hewa, pistoni hukwama na mikono yake hupinda kama waya. Mkonga huipandisha pua hiyo hadi juu ya paa, mbali na maji na mbali na vumbi. Padri aliyeiongoza misheni alinikabidhi jambo lote. "Wewe ndiye unayeyajua hayo maji, mwanangu," akaniambia. "Kachague mwenyewe. Ila ukumbuke, gari hili likifa sina jingine, na watoto wa huko hakuna atakayewafikia."

Basi nikaenda Arusha, kwenye kiwanja cha magari mabovu, maana madukani siku zile vipuri ungevisikia kwa jina tu. Nilikuta mikonga mitatu. Wa kwanza ulikuwa na bakuli la kioo kichwani la kunasa vumbi, mzuri kwa barabara za mashamba ya kahawa Oldeani, lakini ulikuwa mzito, na kwa mtikisiko wa njia yetu ungeng'oka kabla ya Olduvai. Wa pili uling'aa kama sufuria ya bibi harusi, ila ulikuwa wa vipande vilivyochomelewa, na mimi kila mahali penye mchomeleo niliona mlango wa maji. Wa tatu ulikuwa mweusi, mbaya wa sura, umemiminwa mzima tangu kiwiko hadi mdomo bila mshono wowote. Niliziba tundu la chini kwa kiganja, nikamwomba mwenye kiwanja aujaze maji, nikasubiri. Halikutoka hata tone. Nikasema huyu ndiye, kama mtu anayechagua dume la mbegu.

Kwa kuwa wezi wa vipuri walikuwa wengi, niliuwekea alama. Nilichukua tupa nikakata ukingo wa mdomo wake jinsi tunavyokata masikio ya ng'ombe wa boma letu: mkato mmoja mbele, na uma nyuma. Kwetu alama ya sikio haibishaniwi. Ng'ombe akipotea miaka na akakutwa kwa watu, sikio husema lenyewe.

Kuufunga nilimpa rafiki yangu. Alikuwa fundi, Mwiraqw wa Karatu, na gereji yake ilikuwa uani kwake kwenye njia ya Oldeani, kando ya shamba lake la mahindi. Babu zake na babu zangu walichomana mikuki, nasi tulikuwa tukicheka habari hizo huku tunakula ugali kwenye sahani moja. Urafiki wetu ulianza siku gari liliponasa kwenye tope kule ukingoni mwa kreta. Magari mengine yalinipita. Yeye alisimama, akavua viatu, akachimba na mimi hadi gari likatoka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, nami nikaamini. Nilimletea ng'ombe jike kutoka Arash. Kwa desturi yetu, watu wakipeana ng'ombe hawaitani tena kwa majina. Huitana kwa ile zawadi. Kuanzia siku hiyo nilimwita Pakiteng, yaani mwenzangu wa ng'ombe, naye akaniita Pakiteng, hata wanawe wakadhani ndilo jina langu.

Nilipokwenda kuchukua gari, mkonga ulikuwa umesimama mahali pake, mweusi, umepakwa rangi mpya. "Nimeupendezesha kidogo, Pakiteng," akasema. Niliangalia mdomo nikaiona alama yangu, mkato mbele na uma nyuma. Nikaridhika.

Kila dereva anajua namna ya kuupima mkonga. Unawasha injini, unaziba mdomo wa juu kwa kiganja. Ikizima, umefungwa barabara. Ikiendelea kunguruma, kuna mahali inavuta hewa kwa wizi. Nilijua, na sikupima. Kwetu mtu hahesabu ng'ombe wa rafiki yake mbele yake, na kumpima Pakiteng niliona ni kuhesabu ng'ombe wake. Nilimshika mkono, nikaondoka.

Wiki zilizofuata chujio la hewa lilikuwa likichafuka upesi kuliko zamani. Nikalaumu kiangazi.

Mvua ilipoanza tukaenda Arash. Mto ulikuwa umejaa, lakini mimi na mkonga wangu tulikuwa na kiburi. Nesi alikumbatia sanduku la chanjo akauliza, "Dereva, una hakika?" Nikamwambia afumbe macho kama anaogopa. Maji yalifika kwenye taa, yakapanda boneti. Katikati kabisa injini ikapiga kishindo kimoja, kimya kikaja, na ule ukimya ninausikia hadi leo. Vijana wa Arash waliingia majini wakatusukuma. Kina mama walikuwa wamesimama ng'ambo na watoto wao, wakatuona tukirudishwa upande tuliotoka.

Nilifungua boneti. Mahali mkonga ulipoungana na chujio palikuwa pamefungwa kwa utepe wa mpira wa ndani wa tairi, na utepe ulikuwa umefunguka kama kanga isiyofundikwa. Hapo nilidhani Pakiteng amekosea tu, na nikawa tayari kumtetea. Kisha nikapitisha mkono kwenye bomba lenyewe. Chini ya rangi kulikuwa na mchomeleo, tena mwingine juu yake. Lilikuwa bomba la kumwagilia kahawa, limeungwa vipande. Wangu haukuwa na mshono. Na juu yake ilikuwapo alama ya boma letu, imekatwa vizuri, bila kukosea.

Lori lilituvuta hadi Karatu. Padri alilizunguka lile gari, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, huu ndio uliouchagua?" Afadhali angenitukana. Gari liliwekwa juu ya mawe nyuma ya zahanati, na masika yote hakuna chanjo iliyofika Arash wala Oloipiri. Surua ilipoingia huko, habari zilitufikia kupitia kwa wachungaji waliokuja mnadani. Walinieleza huku wakitazama chini.

Nilikwenda kwa rafiki yangu asubuhi. Ng'ombe niliyempa alikuwa amefungwa karibu na lango, amenenepa. Nilimtazama sikio, na nikaelewa kila kitu. Kumbe alikuwa ametoka gerejini kwake na tupa mkononi, akamshika ng'ombe wangu sikio, akainakili alama kwenye lile bomba. Zawadi yangu ndiyo aliyoitumia kunidanganya. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kilikuwa ndani ya shuka langu, tena kikifuga ng'ombe wangu.

Uani kulikuwa na gari la bwana mmoja mwenye magari ya kubeba watalii, injini inanguruma, na mkonga mweusi kando ya kioo. Sikusalimia. Nilipanda juu ya bampa nikapapasa mdomo wake. Ulikuwa laini. Nikatoa kisu nikakwangua rangi, na chini yake gundi ngumu ikabanduka kama ukoko wa ugali. Mkato mbele. Uma nyuma.

"Pakiteng, shuka tuzungumze," akasema.

"Zungumza. Nasikia nikiwa hapa."

"Huyu bwana anafungua gereji kubwa Arusha. Aliutaka mkonga kama huu, akaahidi mimi ndiye nitakuwa fundi mkuu. Nilisema nitakutafutia mwingine kabla ya masika. Mvua ikaniwahi."

"Na alama?"

Alifuta mikono kwenye suruali. Halafu akasema, "Nilijua ukiiona hutauliza."

Niliweka kiganja juu ya mdomo wa mkonga. Nilihisi injini ikininyonya ngozi, ikakohoa, ikatetemeka, ikazima. Kule chini hakukuwa na upenyo hata wa kupitisha unywele. Kwa mtu wa kuja, kazi yake ilikuwa safi. Nilisikia uchungu kuliko siku ya mto.

"Pakiteng," akaanza tena.

Nikamwita kwa jina lake, lile alilobatizwa nalo, ambalo halikuwa limetoka mdomoni mwangu tangu siku ya ng'ombe. Nikamwambia alete spana, aufungue mkonga wa zahanati.

Alimtazama ng'ombe pale langoni. Kisha akaitika, "Naam, bwana," akaenda kutafuta spana.