Brashi Mpya za Kheir

Mume wangu Kheir huosha magari ya kukodi hapa Kiwengwa. Jana alikwenda sokoni Darajani kununua brashi za magurudumu, akazijaribu zote shavuni: inayochoma shavu, husema, itakwaruza rimu. Akarudi na moja laini ya rimu, na nyembamba ya kupenya kwenye nati na mapengo yasiyoingia mkono.

Nikamuuliza, "Na maji je?" Kisima chetu kimekuwa cha chumvi tangu hoteli zilipochimba vyao.

"Hujui kitu wewe, Bashira."

Leo magari aliyoyaosha kwa brashi hizo yamekauka. Kheir amechuchumaa kando ya gurudumu. Zamani chumvi ilibaki juu juu, tukiifuta kwa kitambaa. Sasa imeganda nyeupe kila pahala brashi zake zilipofika, na maji ya kuitolea ni yale yale ya kisima.