Mwezi Uliofutwa Oropo

Jirani yangu Nikipe ni mfumaji. Amezeeka palepale Oropo alipozaliwa, mpakani mwa Athene na Thebe, ila mji umeshabadilisha watawala mara tatu. Waathene wakiuchukua, Wathebe wanautwaa tena, na yeye anaendelea kufuma.

Safari hii Wathebe waliingia siku mbili kabla ya harusi ya binti yake, wakatangaza kwamba majina ya miezi ya Kiathene yamefutwa. Jioni ya harusi nilikuwa kwake nikinyonyesha, mikate ya ufuta ikipoa, mara akaja Theomnasto, baba wa bwana harusi, uso umemshuka.

"Mkwe, harusi haipo. Tulikubaliana mwezi mpevu wa Gamelioni, na Gamelioni haupo tena. Tungoje amri."

Binti akaanza kulia ndani ya shela yake.

"Kwani Waathene wameondoka na mwezi?" Nikipe akauliza.

"Usinitanie, mkwe. Watanifunga!"

Nikipe akamshika joho, akamvuta mpaka mlangoni. Jua lilikuwa linazama, na ng'ambo ya maji, juu ya milima ya Eubea, mwezi mpevu ulikuwa unachomoza, mkubwa kama sinia.

"Huo hapo! Mwambie mkuu wa Wathebe aufute."

Theomnasto alijikaza, lakini kicheko kikamtoka kwa nguvu hata mwanangu akaachia ziwa.

"Wewe mwanamke utaniponza," akasema, akaenda kuwaita wenye mienge.

Njiani tukimpeleka bibi harusi, askari wa Thebe walituuliza tunasherehekea mwezi gani. Nikipe akawaonyesha juu kwa kidole, kisha akawagawia mikate.