Baba Alikwenda Kahororo

Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa mjini Bukoba, akishonea kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja karibu na soko. Babu, baba yake, alikuja kutoka Tanga akiwa kijana, akaoa huku na akazikwa huku. Mama alikuwa Mhaya wa Muleba, binti wa Walutheri, akasilimu alipoolewa. Nyumbani tulisema Kiswahili, ila Mama akikasirika au akifurahi sana alihamia kwenye Kihaya bila kujijua. Nayaeleza haya kwanza kwa sababu baadaye kila upande ulikuwa na maelezo yake juu ya Baba, na mimi nilikuwa mtoto wa pande zote mbili.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Nilikuwa nimechumbiwa na kijana wa Ijuganyondo ambaye wazazi wake walikuwa na kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Harusi ilikuwa inakaribia. Mama alishaanza kuwaalika ndugu zake wa Muleba, akiwaambia waje wote, hata wale waliosusa ndoa yake mwenyewe.

Asubuhi moja Baba alisema anakwenda Kahororo kuwapima watoto wa shule sare zao. Alivaa koti lake la kahawia juu ya kanzu kwa sababu kulikuwa na manyunyu, akatia futi ya kupimia mfukoni, akatoka. Huo ndio mwisho wetu wa kumwona.

Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka asubuhi ile, na kila nikiikumbuka inabadilika. Mimi naona alikunywa chai amesimama mlangoni. Mama alisema hapana, alikaa mkekani na akala ndizi za jana zilizopashwa moto. Nakumbuka aliniambia kitu kuhusu mikono ya gauni langu, lakini yawezekana aliniambia siku nyingine. Hatukujua kwamba ni asubuhi ya kuitazama vizuri.

Jioni ilipofika hajarudi, Baba Mdogo alikwenda Kahororo kuuliza. Mwalimu wa shule akamwambia, "Tumemngoja fundi mpaka watoto wamechoka kusimama mstarini. Nikadhani mvua imemzuia."

Kesho yake alikuja askari polisi. Alikuwa mtu mwenye adabu, alivua viatu kabla ya kuingia.

"Mama, mligombana?"

"Hatukugombana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Sasa hilo mimi nitalijuaje?" Mama akasema.

Tulianza kuuliza watu, na hapo ndipo mambo yalipovurugika. Mama mmoja aliyeuza ndizi kando ya njia ya Kahororo alisema Baba alipita pale, wakasalimiana, na alikuwa mzima kabisa. Mpagazi wa gatini alisema alimwona pale bandarini, katikati ya watu waliokuwa wakipanda meli ya Mwanza. Binamu yake Mama akaja kutoka Muleba na habari kwamba alimwona juu ya lori la kahawa likipita kwao, na kwamba Baba alimpungia mkono. Wote watatu walisema ni asubuhi ile ile. Wote walimjua sana, maana wote aliwahi kuwashonea. Tuliwauliza tena na tena, na hakuna aliyebadili neno. Hatukuona sababu ya yeyote kati yao kutudanganya.

Wanaume walikwenda kutafuta. Walipita rweya yote, ile nyika ya majani mafupi kati ya kijiji na kijiji, wakachungulia kwenye makorongo, wakafuata mto Kanoni mpaka unapoingia ziwani. Hawakuona kanzu wala kiatu.

Basi watu wakabaki na kukisia. Waislamu wa mjini walisema damu ya pwani imemwita, amekwenda Tanga kwa baba zake. Baba Mdogo akaandika huko, akajibiwa kwamba hawajamwona na kwamba hata hawakujua kama yuko hai. Upande wa Mama walisema ameuawa, ila hawakuweza kutaja mtu aliyemchukia. Wengine walisema amezama. Jirani mmoja alisema mtu anaweza kupoteza akili ghafla, akatembea tu hadi asikojulikana, na kwamba aliona jambo hilo kwa askari waliorudi vitani. Lakini Baba hakwenda vitani. Kila maelezo niliyoyasikia niliyaamini kwa siku moja hivi, kisha nikasikia mengine.

Harusi ikaahirishwa, na baada ya muda Sheikh akaja nyumbani. Mama alimkaribisha kwa heshima, akamwekea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama afanyavyo Mhaya kwa mgeni wake, kisha akauliza jambo lililokuwa likimkaba.

"Sheikh, mimi ni nani sasa? Nikae eda? Nivae nini? Watu wakinipa pole, niitikie?"

"Hatuwezi kusema amekufa bila ushahidi," Sheikh alijibu taratibu. "Wewe ni mke wa mtu. Utangoja."

"Na binti yangu?"

"Binti ataozwa na baba yake mdogo. Mwenyewe akitokea, atatukuta tumefanya vizuri."

Mama akaitikia kwa kichwa. Halafu akasema Kihaya, kwa sauti ya chini, neno ambalo Sheikh hakulisikia. Nilimsikia mimi. Alisema, "Na asipotokea?"

Kabla hatujapanga siku mpya ya harusi, mama mmoja aliyeuza samaki wakavu sokoni alituambia kwamba kule kisiwani Goziba kuna fundi anayeshona matanga ya mashua za wavuvi. Mtu mpole, haongei. Mama hakungoja kusikia zaidi. Tulikwenda watatu, yeye, Baba Mdogo na mimi. Tulilala Muleba kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye alituombea safari njema kwa sala ndefu ya Kilutheri, na Baba Mdogo akasema "Amin" kama wengine. Bibi akanishika mkono mlangoni.

"Mkimkuta," akaniambia, "msimuulize kwa nini. Mleteni tu."

Ziwa lilichafuka siku ile, nikatapika njia nzima. Goziba tulikuta mawe, vibanda vya nyasi, samaki wameanikwa kila mahali, na wanaume waliotoka kila upande wa ziwa. Wakatupeleka kwa mshona matanga. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa Mkerewe mkubwa, mcheshi, akishona kwa sindano nene huku akiimba. Mama alimtazama, akageuka bila salamu. Nilidhani angelia, lakini alikuwa kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Ndipo akaliona koti. Lilikuwa limetundikwa kwenye mti wa kibanda cha yule Mkerewe. Koti la kahawia.

"Hili umelipata wapi?"

"Nilipewa, mama yangu. Kuna mtu alikuwa hapa, alinisaidia kushona kidogo. Alipoondoka akaniachia."

"Mtu gani? Yukoje?"

Mkerewe akafikiri. "Mtu wa kawaida. Mrefu kiasi."

"Mume wangu ni mfupi."

"Basi labda mfupi. Muda mwingi alikuwa ameketi."

"Alikwenda wapi?"

"Alisema anakwenda nyumbani."

"Nyumbani wapi?" Mama aliuliza, na sauti yake ikapasuka.

Yule mtu aliacha kushona. Nadhani ndipo alipoelewa sisi ni nani. "Sikumuuliza," alisema. "Nisamehe, mama. Mtu akisema anakwenda nyumbani, nani humuuliza?"

Mama alilichukua koti, akalipindua ndani nje, akapapasa mishono. "Ni lake," akasema. Baba Mdogo akalitazama, akasema si la kaka yake, kola ni tofauti, na makoti ya kahawia yamejaa Bukoba nzima. Wakaanza kubishana pale mbele ya watu, yeye akimwita "shemeji, shemeji", Mama akimjibu kwa Kihaya. Kisha Mama akanigeukia.

"Wewe je? Si ulikuwa unalifua?"

Kweli nililifua mara nyingi. Nililishika kwa mikono miwili. Lilinuka samaki na moshi. Vifungo vilikuwa vya aina ile, lakini kimoja kilikuwa kigeni. Nilitamani koti lile liseme lenyewe.

"Sijui, Mama," nikasema.

Akamrudishia Mkerewe koti lake. Ndani ya mashua tukirudi, Baba Mdogo alisema kwamba bila shaka kaka yake yuko njiani kwenda Tanga, maana nyumbani ni wapi kama si huko? Nikamwambia, "Lakini umesema koti si lake." Akasema, "Ndiyo, si lake." Na bado aliendelea kuiamini Tanga mpaka alipofariki.

Mama kwa muda mrefu alipika chakula cha kutosha mtu aliye njiani. Kama Baba alitoka Goziba kuja kwetu na hakufika, basi alizama karibu kabisa na sisi. Kama alikwenda kwingine, basi kulikuwa na nyumba nyingine tusiyoijua. Na kama koti si lake, basi hakuwahi kufika Goziba kabisa, na tulikuwa tumerudi pale pale, kwenye njia ya Kahororo na manyunyu yake.

Niliolewa. Baba Mdogo alisimama mahali pa Baba, na watu wakala, wakaimba, ndugu wa Muleba wakaja karibu wote. Miaka ikapita, na masheikh wakakaa, wakamwambia Mama amengoja vya kutosha. Akakaa eda. Tukasoma khitma, na kwa mara ya kwanza mtu akamwita Baba marehemu. Baba Mdogo alitoka nje aliposikia neno hilo, akakaa uani mpaka chakula kilipoiva.

Mama alihamia kwangu Ijuganyondo. Jioni moja, tukimenya ndizi, alisema kwa uhakika kwamba Baba alizama. Alieleza mpaka mahali penyewe, karibu na mawe fulani. Siku chache baadaye alimwambia mgeni kwamba mume wake alikwenda pwani na huenda ana wajukuu huko.

Mgeni alipoondoka nikamuuliza, "Mama, mbona juzi ulisema alizama?"

"Juzi niliamini hivyo," akasema, akaendelea kumenya.