Baka la Mama Zuhura

Usiku ule nililala na hotuba yangu mkononi. Kesho yake nilikuwa niwafundishe wauguzi wenzangu magonjwa ya ngozi, katika semina ya kujiendeleza. Kwa semina sina mpinzani. Vyeti vyangu vimejaza ukuta mmoja na kuanza wa pili. Hata siku alipozikwa Mwalimu Theopista, aliyenifundisha uuguzi, mimi nilikuwa semina.

Ndiye aliyenijia. Alisimama mlangoni mwa darasa letu la zamani, sare yake imenyooka kwa pasi. Darasa zima lilikuwa mimi peke yangu na mvi zangu, nimebanwa kwenye dawati.

"Umenenepa," akasema.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Nataka kumwomba radhi kwa kukosa mazishi, mdomo haufunguki. Mara si darasani tena, ni chumba changu cha zahanati, na Mama Zuhura, muuza vitumbua, amekaa kwenye benchi. Lile baka la mkononi mwake nalijua. Nililiita fangasi siku ya kwanza, kwa kulitazama tu, hata kitini sikuinuka.

"Umempa dawa ya fangasi muda gani?"

"Miezi minne, Mwalimu."

"Limepungua?"

"Bado."

"Na pamba ulimgusa lini?"

Hicho ndicho kipimo cha kwanza alichotufundisha: mgonjwa anafumba macho, unamgusa kwa ncha ya pamba, naye anaonyesha kwa kidole ulipomgusa. Baka likiwa na ganzi, fikiria ukoma.

Ananipa pamba. Mama Zuhura anafumba macho. Namgusa shavuni, anaonyesha shavu, anacheka, "Unanitekenya, dokta." Nagusa katikati ya baka. Anangoja. Nagusa tena. Anangoja, uso umetulia, ananiamini.

"Mbona huanzi?" ananiuliza.

Nageuka. Mwalimu anajifuta machozi kwa kiganja. "Mimi nimeshakwenda," anasema. "Huyu bado yupo. Mfuate."

Nikaamka mto umelowa, kunapambazuka. Hotuba nikaiacha sakafuni. Nilimkuta Mama Zuhura barazani kwake, ameinamia kikaango, anageuza vitumbua. Kwenye kidole chake cha mwisho palikuwa na lengelenge kubwa, bichi.

"Umeungua lini, mama?"

Akakiinua kidole, akakitazama kama cha mtu mwingine.

"Wala sijui, dokta. Sikusikia kitu."