Taa Tuliyoiacha Ndani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara aliniambia niweke mkono mbele ya kamera. Kwenye skrini mkono ukang'aa mweupe kama balbu.

"Umeona, Zuhura? Hapa kwetu kila chenye joto ni taa. Hata wewe."

Vijana wangu, hilo ndilo somo kuu la kazi niliyoifanya ughaibuni mpaka kustaafu, mie mtoto wa fundi fanicha wa Keko. Nilibuni spektrografu za infraredi kwa ajili ya darubini kubwa za milimani. Spektrografu huutawanya mwanga wa nyota katika rangi zake, ili tujue nyota imeundwa na nini. Infraredi ni mwanga usioonekana kwa macho, kama ule wa rimoti ya tivii, na kila chenye joto huutoa. Ndiyo maana chombo tulikifungia ndani ya tanki lisilo na hewa, kwenye baridi kali na giza totoro, kisije kikajiona chenyewe.

Katika mradi mkubwa kuliko yote, Mkuu wa Mradi akataka kitambuzi chenye taa kiwekwe humo ndani, kituonyeshe gurudumu la vichujio, vile vioo vya kuchagua rangi za mwanga, limesimama wapi. Nikamwambia mbele ya kikao kwamba taa hiyo ni ya infraredi, itaharibu kila kitu.

"Ni taa ndogo mno," akasema.

"Kwani nyota tunazozitafuta zina mwanga mkubwa?"

Akacheka, na kikao kizima kikacheka naye. Kitambuzi kikawekwa.

Kule mlimani, binti mmoja mwanaastronomia alikuwa amesubiri zamu yake ya kutumia darubini miaka mingi, atafute mvuke wa maji katika hewa ya sayari ya mbali. Alinijia na picha zilizojaa weupe mtupu.

"Niambie ukweli. Hii ni sayari au ni chombo chenu?"

Mkuu wa Mradi alikwisha kuniagiza niseme ni unyevu wa anga. Nikasema ni taa yetu. Binti yule akakaa chini akalia, na zamu yake haikurudishwa. Mie nikahamishiwa stoo ya vipuri. Taa ilipokuja kung'olewa, aliyepongezwa kwa kugundua kasoro ni Mkuu wa Mradi. Jamani!

Siku ya kuniaga, huyohuyo akasimama kuusifu uvumilivu wangu. Nikatabasamu kwa adabu, na tabasamu lile linaniuma hadi leo.

Juzi nilimsimulia Rehema, binti wa jirani anayesomea uhandisi, huku randa za mafundi wa hapa Keko zikitupigia kelele.

"Dah, bibi, nyie wa zamani mlikuwaga wavumilivu balaa."

"Koma! Sikuvumilia. Nilisema, wakakataa kusikia."

"Na yule dada wa mlimani?"

"Aliacha fani. Sayari yake iko palepale, na hakuna aliyerudi kuitazama."