Bi Fawziya, Wahabsburg na Posa ya Ibra

Bi Fawziya binti Ishak alisomesha historia katika skuli ya wasichana mjini Nizwa tangu ujana wake mpaka akastaafu, na wanafunzi wake, ambao wengine sasa ni mabibi, wanamkumbuka kwa ukoo wa Habsburg. Akikutana na mmoja wao sokoni, akishamaliza kumwamkia atamuuliza, "Abla, wazima wale wafalme wako?"

Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, katika ukoo uliotoka Ibra zamani. Yaliyotokea mwaka sitini na nne yaliwang'oa. Baba yake aliwapeleka Misri, na huko Fawziya akasomea ualimu. Miaka ya sabini, Oman ilipoanza kuwaita watu wake, alikuja na mumewe, na Kiarabu chake cha Kairo kikawafanya wasichana wa Nizwa wacheke mpaka wajifiche chini ya madawati. Kiswahili alikiweka nyumbani, na hapo nyumbani hakutaka kumsikia mtu akisema "kitabu hii".

Kupenda kwake Wahabsburg kulianzia utotoni. Bibi yake alikuwa na kidani cha reale za fedha, na kila reale ilikuwa na sura ya mwanamke mnono aliyejitanda ushungi. Fawziya aliuliza ni nani, akaambiwa, "Huyo malkia wa Nemsa. Usimchezee." Baadaye sana, siku ya kwanza alipoingia soko la Nizwa, alimkuta mwanamke yuleyule ananing'inia dukani kwa sonara, kwenye vidani vya wanawake wa Kibedui. Akarudi nyumbani akatafuta jina lake. Alikuwa Maria Theresa wa Austria, ile Nemsa ya bibi yake, mama wa watoto kumi na sita, na watoto hao aliwaoza huku na huku katika Ulaya. Tangu siku hiyo Fawziya akawa anasoma habari za jamaa zake, wa mbele yake na wa nyuma yake, na hakuacha tena.

"Kwani wanatuhusu nini sisi, Abla?" msichana mmoja aliwahi kumuuliza darasani.

"Ngome za Maskati unazijua?" alimjibu. "Na ile ya Mombasa? Wareno walizijenga wakati mfalme wao ni Mhabsburg aliyekaa Hispania. Ureno aliudai kwa sababu mama yake ni binti wa mfalme wa Ureno, akatia na jeshi ili urithi usichelewe. Sasa niambie, hao waliokuja mpaka mlangoni kwa babu yako, hawakuhusu?"

Hivyo ndivyo alivyosomesha. Aliwaeleza kwamba wafalme wengine walipigana ili wapate nchi, na Wahabsburg walioa. Wametoka kwenye ngome ndogo huko Uswisi wakafika Austria, Uholanzi, Hungaria na Hispania, na kwa njia ya Hispania wakavuka mpaka Amerika. Ulaya ilifika pahali vita vikizuka huwa ni baina ya mashemeji. Hata mwishoni kabisa, mrithi wao alipopigwa risasi Sarajevo, moto wa vita ulifika mpaka Tanga, na watu ambao hawakupata kulisikia jina la Habsburg wakabebeshwa mizigo ya jeshi wakafa njiani.

Sehemu iliyowanyamazisha wasichana ilikuwa ile ya Hispania. Wahabsburg wa huko waliogopa kwamba mali iliyoingia kwa ndoa itatoka kwa ndoa, basi wakawa wanaoana wenyewe. Binamu kwa binamu, mjomba kwa mpwa. Wa mwisho wao, Karlo wa Pili, baba yake alikuwa mjomba wa mama yake. Alichelewa kusema, alichelewa kutembea, taya lake lilitokeza mbele hata kutafuna ilikuwa taabu. Alioa mara mbili, hakuzaa. Alipokufa, Ulaya nzima ikashikana kupigania kiti chake. Msichana aliyesema kwamba mjomba kumwoa mpwa ni haramu aliambiwa, "Ahsante. Kwao aliruhusu Papa." Kisha kengele ikalia.

Mumewe alifariki kabla Bi Fawziya hajastaafu. Yeye akabaki katika nyumba ya Nizwa pamoja na mwanawe Abdullatif, ambaye ni mtu wa serikali, na mjukuu wake Raghad, binti wa Abdullatif, mfamasia. Binti yake Najla aliolewa Ibra, na mtoto wake mkubwa ni Ghaith, mhandisi. Huko Ibra ndiko liliko shamba la mitende la ukoo, na zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba. Katika yote waliyokuwa nayo wazee, Unguja na kwengineko, hilo ndilo pekee lililosalia. Bi Fawziya alikwisha kuwaandikia wanawe wawili, nusu kwa nusu.

Fikra ya kuwaoza Raghad na Ghaith ilikuwa yake mwenyewe. Aliitoa siku ya Idi, kahawa ikiwa bado inazunguka.

"Sisi tumetawanyika mara moja," alisema. "Sitaki kufa huku naona tunatawanyika tena. Raghad yupo, Ghaith yupo. Shamba litakuwa moja, maji yatakuwa mamoja, na watoto watakuwa wetu pande zote."

Najla alifurahi hata akambusu mamake mkono. Abdullatif akasema waulizwe wenyewe. Wenyewe walipoulizwa walitazama chini, na kumbe hawakuhitaji kusukumwa, kwa sababu walikuwa wakiandikiana kwenye simu kwa muda mrefu bila ya mtu kujua. Posa ikapita. Ukumbi ukapatikana Ibra. Bi Fawziya akaanza kushughulikia udi na kuwaonya wapishi juu ya wali.

Kabla ya akdi walikwenda kupima damu, kama wafanyavyo wote. Daktari akawaita pamoja. Aliwaeleza kwamba kila mmoja wao amebeba chembe ya selimundu. Wao wenyewe hawaumwi wala hawataumwa, lakini katika kila mimba ipo hatari ya mtoto kurithi kwa baba na kwa mama, akazaliwa na ugonjwa wenyewe. Raghad, mfamasia, hakuhitaji kufasiriwa. Wagonjwa wa selimundu huwapa dawa za maumivu kwa mkono wake.

Ijumaa iliyofuata ukoo ulikutana Nizwa. Najla na mwanawe walikuja kwa gari kutoka Ibra kwa njia ya Sinaw, na tangu anavua viatu Najla alikuwa amekwisha kuamua.

"Daktari kanasihi tu, hakukataza," alisema. "Watu wangapi wameoana mabinamu na watoto wao kama simba? Haya ni mambo ya Mungu. Tukivunja sasa watu watasema binti ana kasoro."

"Au mvulana," alisema Abdullatif.

"Au mvulana, basi! Ndiyo yale yale."

Raghad anasimulia kwamba bibi yake alikuwa ameshika kikombe kitupu akikizungusha, na uso wake ulikuwa mbali. Kisha akawauliza jambo ambalo halikutarajiwa.

"Nyinyi mnajua mimi nilikuwa na ndugu?"

Walijua jina tu, kwa kuwa Abdullatif aliitwa kwa jina lake. Akawaeleza. Ndugu yake mdogo alikuwa mtoto mwembamba mwenye macho ya rangi ya manjano, na kila msimu wa baridi ya Julai mifupa ikimuuma akilia mpaka jirani wanakuja. Mama alimpaka mafuta. Babu alimwandikia kombe la aya, akanyweshwa. Watu walisema ni kijicho, kwa sababu mtoto alikuwa mzuri. Alikufa Malindi kabla hajaanza skuli.

"Baba na mama walikuwa watoto wa ndugu wawili," alisema Bi Fawziya. "Miaka yote hii namwombea, na sijapata kujua aliumwa nini. Daktari kamwambia Raghad, na Raghad kaniambia mimi, na nimejua." Akaanza kulia, kidogo kidogo, kama mtu anayeona haya. Watoto wake hawakuwa wamemwona akilia tangu maziko ya baba yao.

Najla akamshika bega. Lakini hakurudi nyuma. "Mama, Mungu amrehemu. Zamani hapakuwa na dawa. Sasa zipo."

"Zipo. Muulize Raghad anazigawa vipi."

"Najua unataka kutuletea wale wafalme wako," Najla alisema, sauti ikipanda. "Sisi si wafalme, Mama! Tuna mitende na maji ya falaji tu."

"Ndiyo maana, mwanangu. Wao walikuwa na taji la kusingizia. Sisi tuna nini? Nimelisomesha somo lile mpaka nikalihifadhi kama Fatiha, na siku niliyotia maneno ya posa hii halikunijia hata mara moja. Niliona shamba. Na wao bila shaka waliona shamba."

Ghaith akasema anataka kusema na Raghad peke yao. Wakatoka uani, mlango ukiachwa wazi kama ilivyo adabu. Waliokuwa ndani waliwasikia bila ya kupata maneno. Ghaith ndiye aliyekuwa akisema zaidi. Waliporudi, macho ya Ghaith yalikuwa mekundu, na Raghad akasimama mbele ya shangazi yake.

"Shangazi, mimi siwezi," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatika. "Kazi yangu kila siku naona watoto hii. Naona mama zao. Siwezi kufanya makusudi. Khalas."

"Humpendi mwanangu?"

"Nampenda," alisema Raghad. "Wallahi nampenda."

Najla aliondoka bila ya kula. Kwa muda mrefu hakupiga simu Nizwa, na Idi mbili zilipita hazikuletwa salamu ila kupitia kwa mumewe. Watu wa Ibra walisema waliyoyasema. Bi Fawziya alizeeka ghafla. Alikuwa akikaa barazani na kitabu ambacho hakifungui, na wageni wakimwuliza habari za mjukuu, anajibu, "Yuko kazini," wala haongezi.

Ghaith alihamia Sur, kwenye kazi ya gesi. Huko akamjua Wadha, msichana ambaye wazee wake walirudi Oman kutoka Bujumbura. Safari hii walipima kwanza, kabla posa haijafika, na Wadha alikutwa hana chembe hiyo. Najla akampelekea kaka yake habari, akaongeza, kana kwamba ni jambo la kando: "Mwambie Mama aje. Na Raghad, kama anataka."

Raghad alitaka. Ndiye aliyeendesha gari mpaka Sur. Ukumbini, Bi Fawziya aliketishwa karibu na bibi yake Wadha, na muda si muda wakawa wanagombana. Yule bibi alisema Kiswahili cha Burundi, kila jambo kwake ni "sawa, sawa", na alimwita Bi Fawziya "mama mkubwa".

"Mimi si mama yako," alisema Bi Fawziya. "Mimi na wewe marika."

"Hata kama. Kula, mama mkubwa. Umekonda sana."

Akala. Najla aliyaona hayo kwa mbali akacheka, na kwa kuwa alikwisha kucheka hakuweza tena kujifanya kuwa hakumwona mamake. Akaja na dele la kahawa, akamimina, akapiga magoti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Nilikuwa na hasira."

"Najua. Nipe kahawa."

Hawakusema zaidi juu ya jambo lile, wala sidhani kama wamepata kusema tangu siku hiyo. Shamba la Ibra bado lina nusu mbili. Abdullatif na Najla wameweka mtu mmoja wa kulitazama, na zamu ya maji wanapokezana. Mara nyingine wanatukanana kwenye simu kwa ajili yake, kisha wanapatana.

Wakirudi kutoka Sur, Raghad ndiye aliyeshika usukani. Bi Fawziya alimtazama kwa pembeni, akaona anafuta shavu kwa ncha ya shela.

"Inauma?"

"Kidogo, Bibi."

"Si kidogo."

"Si kidogo," Raghad alikubali.

Bi Fawziya alimwekea mkono kwenye goti akauacha hapo. Walipofika Bidiya, Raghad akasema ana njaa, kwa sababu ukumbini hakutia kitu mdomoni. Wakasimama mahali pa mishikaki kando ya barabara, wakala ndani ya gari na madirisha wazi, na bibi akamsahihisha mjukuu wake aliposema "mishikaki hii tamu".

"Hii mitamu," alisema Bi Fawziya.

"Hii mitamu," alisema Raghad, akachukua mwengine.